Mto Ulipogeuka Soko: Gulio la Barafu la London Katika Picha za Kale

Ipo kadi moja ndogo iliyopigwa chapa jijini London tarehe 31 Januari 1684. Ina majina saba tu. La kwanza ni la Charles, Mfalme wa Uingereza. Wengine ni nduguye James, Malkia Katherine, Mary mkewe James, kisha Ann binti ya James, na George mumewe Ann. La saba ni la mtu ambaye hakuwa amezaliwa bado: Hans in Kelder, yaani Hans aliye ghalani, mzaha wa Kidachi wa kumtaja mtoto angali tumboni mwa mamake. Ann alikuwa mjamzito wakati huo.

Mpigaji chapa, G. Groom, aliweka pia jina lake na mahali alipofanyia kazi. Hakutaja mtaa wala duka. Alitaja kwamba kadi hiyo ilichapwa juu ya barafu, katika mto Thames.

Naam, juu ya mto. Mtambo mzima wa kupiga chapa, pamoja na visanduku vya herufi za risasi, ulikokotwa na kusimamishwa pale ambapo siku za kawaida mashua zilipita. Mfalme na jamaa yake wakateremka mtoni ili majina yao yachapwe, sawa na raia yeyote aliyekuwa na peni sita mfukoni.

Ukipata bahati ya kufika London, iwe kwa masomo au kwa matembezi, usizimalize siku zako zote kwenye makasri na madukani. Tenga nusu siku uzifuate nyayo za tamasha hilo, ambalo wenyeji walilijua kama Gulio la Barafu. Lenyewe halipo tena. La mwisho lilifanyika mwaka wa 1814. Lakini picha zake za chapa zimebaki nyingi, na ukijua kuzisoma zitakuonyesha hata yale ambayo wachoraji wake hawakukusudia uyaone.

Daraja lililozuia maji

Anzia katika kanisa la St Magnus the Martyr, upande wa kaskazini wa daraja la London Bridge. Ndani ya kanisa hilo kuna mfano mdogo wa daraja la zamani, na nje uani kuna mawe yaliyotoka kwenye daraja lenyewe. Tazama mfano huo kwa makini, maana bila daraja lile pengine gulio lisingalikuwapo.

Ujenzi wake ulianza mwaka wa 1176 ukakamilika 1209, nalo likasimama kwa zaidi ya miaka 600. Lilikuwa na nguzo 19 nene, kila moja imezungushiwa boma la magogo na mawe ili isimomonywe na maji. Nafasi zilizobaki katikati zilikuwa finyu mno, hivi kwamba maji ya upande wa juu yalitulia mithili ya bwawa. Karne hizo nazo zilikuwa na baridi kuliko ya leo. Wataalamu wa hali ya hewa wanakiita kipindi hicho Enzi Ndogo ya Barafu. Mabonge ya barafu yaliyoteremka na mto yalikwama darajani, yakashikana, na baada ya siku kadhaa za baridi kali mto wote ukawa sakafu.

Thames iliganda hapo London zaidi ya mara 20 kati ya karne ya 14 na mwaka wa 1814, ingawa si kila mara ilipoganda watu waliweka gulio. Katika majira ya baridi ya 1564 na 1565 watu walikwenda mtoni kulenga shabaha kwa mishale, na Malkia Elizabeth wa Kwanza naye alitembea juu ya barafu. Mwaka wa 1608 wachuuzi walikwisha kujenga vibanda. Kijitabu kuhusu baridi hiyo kilitolewa mwaka huo huo, na ukurasa wake wa kwanza una picha iliyochongwa kwenye ubao, ikachapwa kwa wino mweusi. Hiyo ni miongoni mwa picha za mwanzo za tamasha hili.

Lakini gulio lililoyapita yote ni lile lililoanza mwishoni mwa 1683 na kuendelea hadi Februari 1684. Inasemekana kwamba barafu ilifikia unene wa inchi 11. Hilo ndilo lililomvuta mfalme, na ndilo lililowapa wachoraji kazi ya miezi.

Makasia yaliyogeuka nguzo

Chukua picha yoyote ya 1684. Kutoka ngazi za Temple, ukingo wa kaskazini, utaona safu mbili za vibanda zikikata mto moja kwa moja hadi ng'ambo ya kusini. Waliiita Temple Street, kana kwamba ni mtaa wa kudumu. Kando yake watu wanateleza kwa viatu vyenye chuma kama walivyofanya Waholanzi. Kuna mashua iliyotiwa magurudumu. Kuna mti uliosimikwa barafuni na kiti kinachozungushwa kwa kamba kuuzunguka, bembea ya watoto na ya wakubwa waliojisahau. Ng'ombe mzima anabanikwa. Mbwa wanamchokoza fahali huku watu wakishangilia, mchezo ambao leo ungempeleka mtu mahakamani. Magari ya farasi yanabeba abiria kutoka Westminster hadi Temple. Baadhi ya picha zina nambari ndogo ndogo na maelezo ya kila nambari, ili aliyenunua aweze kuwaeleza watoto wake nyumbani: hapa ni hiki, pale ni kile.

Ni picha za kuchangamsha moyo. Lakini jiulize, vibanda hivyo vilikuwa vya nani?

Wengi wa waliovisimamisha walikuwa wavushaji. Wakati huo London ilikuwa na daraja moja tu. La pili, la Putney, lilikuja 1729, na la Westminster likafunguliwa 1750. Mtu aliyetaka kuvuka, au kusafiri kutoka upande mmoja wa jiji hadi mwingine bila kukanyaga tope la barabarani, alimwita mvushaji. Wao ndio waliokuwa matatu na teksi za siku zile, na waliishi kwa nauli ya kila siku. Mto ulipoganda, kazi yao ilikatika usiku mmoja. Mashua ilikwama, na watoto nyumbani walihitaji kula.

Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Wavushaji walichukua makasia wakayafanya nguzo za mahema, wakatandika juu yake matanga na mablanketi. Ndiyo maana wengine walilibandika gulio hilo jina la Gulio la Mablanketi. Ndani ya mahema wakauza pombe, kahawa na nyama. Wengine wakazitia mashua zao magurudumu wakaendelea kubeba abiria mahali pale pale walipowabeba wiki iliyopita, ila sasa kwa kuvuta. Gulio halikuanzishwa na wakuu wa jiji, wala hakukuwa na kamati ya maandalizi. Lilianzishwa na watu waliopoteza riziki.

Mwandishi John Evelyn, aliyeandika kumbukumbu zake kwa miaka mingi, alitembea kwenye gulio hilo akalisifu kwa wingi wa michezo yake. Lakini katika kumbukumbu hizo hizo aliandika kwamba miti ilipasuka kwa baridi, ndege na samaki walikufa, na kuni na makaa yakawa ghali mno. Moshi wa makaa ulitanda jijini hivi kwamba mtu hakuona ng'ambo ya barabara, na kifua kilibana. Hili halikuwa ajabu. Makaa ya London yaliletwa kwa meli kutoka Newcastle, kaskazini mwa nchi, na barafu iliyowafurahisha watu pale Temple ndiyo iliyozizuia meli. Kadiri baridi ilivyozidi, ndivyo cha kuotea kilivyopungua. Matajiri waliweza kulipa bei mpya. Mjane katika chumba kimoja alilala bila moto.

Tafuta mjane huyo katika picha. Humwoni. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kukumbuka kila unapozitazama picha hizi: zilichongwa ili ziuzwe, tena upesi, kabla barafu haijayeyuka na hamu ya wanunuzi nayo ikayeyuka. Mchoraji naye alikuwa na tumbo. Nani angetoa pesa zake kununua picha ya njaa aliyoiacha nyumbani?

Jina lako kwa peni sita

Turudi kwa wapigaji chapa. Evelyn aliandika kwamba mmoja wao alikadiriwa kupata pauni tano kwa siku kwa kuchapa mstari mmoja tu wa jina, kwa bei ya peni sita, mbali na alichopata kwa kuuza karatasi za mashairi. Wanafunzi, chukueni kalamu. Pauni moja ya wakati huo ilikuwa peni 240, kwa hiyo pauni tano ni peni 1,200. Gawanyeni kwa sita. Ni watu 200 kwa siku moja, katika kibanda kimoja.

Peni sita hazikuwa pesa za kuchezea. Kibarua wa London angetoa karibu robo ya ujira wake wa siku. Na karatasi yenyewe haikuwa na thamani yoyote. Jina lile lile angeweza kuchapiwa nchi kavu. Alicholipia ni yale maneno yaliyosema kwamba jina lake lilichapwa juu ya mto. Picha za kamera hazikutangazwa kwa umma hadi 1839. Leo kijana akifika mahali pa ajabu hutoa simu, akajipiga picha, na jamaa zake wakaiona kabla hajaondoka. Mtu wa 1684 alirudi nyumbani na kadi, akaihifadhi ndani ya kitabu, na wajukuu wakaamini.

Ni karatasi nyepesi, lakini nyingine zimebeba mambo mazito. Yule Hans aliyetajwa kwa mzaha kwenye kadi ya mfalme hakuwahi kulia. Ann alijifungua mwezi Mei mwaka huo, mtoto wa kike, akiwa amekwisha kufa. Mfalme Charles mwenyewe alifariki Februari 1685. Kadi ilidumu kuliko furaha iliyoichapa.

Kuijua picha umri wake

Sasa vuka daraja uende upande wa kusini, kisha ufuate ukingo wa mto kuelekea magharibi. Simama mahali unapoweza kuliona kanisa la St Paul's ng'ambo ya pili. Hapo nitakufundisha namna ya kukisia umri wa picha ya gulio hata kama tarehe yake imekatwa.

Kwanza tafuta kuba kubwa la kanisa hilo. Kanisa la zamani liliteketea katika moto mkuu wa 1666, na hili jipya lilikamilika 1711. Kama picha ina kuba, basi si ya 1684. Pili, tazama daraja la London. Likiwa na nyumba juu yake, watu wakiishi humo na kuanika nguo zao, picha ni ya kabla ya miaka ya 1758 hadi 1762, nyumba hizo zilipobomolewa. Tatu, ukiona nguzo za daraja la Westminster zikiwa nusu zimejengwa, zinatokeza barafuni kama meno, huo ni mwaka wa 1740. Na ukiliona daraja la Blackfriars, lililofunguliwa 1769, uko karibu na mwisho wa hadithi hii.

Tahadhari moja. Usishangae ukikuta picha mbili za gulio lile lile, moja imeandikwa 1683 na nyingine 1684. Kabla ya 1752, mwaka mpya kisheria nchini Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Januari ya baridi ile kuu ilikuwa bado 1683 kwa baadhi ya watu na tayari 1684 kwa wengine.

Gulio la 1739 na 1740 lina picha nyingi pia, na mitambo ya chapa ilirudi mtoni. Baridi hiyo haikuishia London. Huko Ireland iliozesha viazi vilivyokuwa mashambani, na njaa iliyofuata hadi 1741 iliua watu wengi mno. Ukiiweka picha ya mahema ya London kando ya habari hiyo, bendera zake zinabadilika rangi.

Januari 1789 gulio lilikuwa fupi, likaacha msiba. Huko Rotherhithe, nahodha mmoja aliomba ruhusa ya kuifunga meli yake kwenye nyumba ya pombe iliyokuwa ukingoni. Kamba nene ikafungwa kwenye boriti la nyumba. Usiku barafu ikaachia, meli ikageuka na mkondo, boriti likang'oka na nyumba nzima ikaanguka. Watu watano waliokuwa wamelala ndani walikufa.

Siku za mwisho

Endelea na matembezi hadi daraja la Southwark, kisha upite njia ya chini yake iliyo kandokando ya mto. Ukutani utaona mawe ya kijivu yaliyochongwa na Richard Kindersley, yanayoonyesha gulio. Wapita njia wengi hawayatazami. Simama wewe. Uko jirani na mahali lilipofanyika la mwisho, kati ya London Bridge na Blackfriars.

Desemba 1813 ukungu mzito ulilifunika jiji kwa siku kadhaa, theluji ikafuata, na tarehe 1 Februari 1814 barafu ikaonekana imara ya kutosha. Wavushaji walikuwa hapo kama babu zao. Walitoza peni mbili au tatu kwa kila aliyetaka kushuka mtoni, na wengine waliivunja barafu ya ukingoni makusudi, wakalaza mbao ili watu wasiwe na budi kulipa. Ujanja huo haupendezi, lakini usiwahukumu kabla hujakumbuka mashua zao zilizokwama. Njia kuu ya katikati iliitwa City Road. Kondoo alibanikwa hadharani, na mwenye kutaka kutazama tu alilipa peni sita, mwenye kutaka kipande alilipa shilingi. Vitabu na vinyago vilibandikwa karatasi inayosema vimenunuliwa juu ya Thames, bei ikapanda papo hapo. Yasimuliwa hata leo kwamba tembo aliongozwa kuvuka karibu na Blackfriars.

Safari hii mitambo ya chapa ilikuwa kadhaa, na ushindani ukazaa vichekesho. Karatasi moja iliandikwa kama notisi ya kuhama nyumba: Bwana Baridi anaonywa na Bwana Yeyuko kwamba ameuvamia mto kwa nguvu, na sasa aondoke mara moja. Mwenye kuishi katika nyumba ya kupanga aliuelewa mzaha huo bila kufafanuliwa. Mwingine, George Davis, alitoa kitabu kizima cha kurasa 124 kiitwacho Frostiana, ambacho ukurasa wake wa jina ulichapwa barafuni.

Bwana Baridi aliitii notisi. Tarehe 5 Februari mvua na upepo viliingia, barafu ikapasuka kwa kishindo, na vibanda vikachukuliwa na maji vingine vikiwa na watu ndani. Wapo waliookolewa kwa mashua. Wapo waliozama.

Hakuna aliyejua kwamba hilo lilikuwa la mwisho. Lakini daraja jipya lenye matao mapana lilifunguliwa 1831, na lile kuukuu likabomolewa. Baadaye kuta za mto zilijengwa, ile ya Victoria Embankment ikafunguliwa 1870, na Thames ikawa nyembamba, yenye kina na kasi. Hali ya hewa nayo ikapata joto. Katika baridi kali ya 1963 mto huo uliganda huko juu, na gari liliendeshwa juu yake Oxford. London haukuganda.

Kama una muda zaidi, zione picha zenyewe badala ya nakala. Jumba la British Museum lilinunua mwaka wa 1880 mkusanyo mkubwa wa picha za London uliokuwa wa Frederick Crace, na ndani yake zimo za magulio ya barafu. Chumba cha kusomea picha hakina ada; omba nafasi mapema, nenda na kitambulisho, na ubebe penseli maana kalamu ya wino hairuhusiwi. Uliza pia picha ya Luke Clennell, iliyobeba tarehe 4 Februari 1814: umati wa watu na mahema juu ya mto, siku moja kabla ya barafu kupasuka.